Kimara na "Mwisho" Unaosogea

Ndugu zangu, asanteni kwa kuja. Nianze na neno ambalo makonda wa Dar es Salaam hulipigia kelele kutwa: "mwisho". Kimara Mwisho. Mbezi Mwisho. Jina lilikuwa na maana yake. Daladala inageuza hapa, wa mbele atembee. Watu wakajenga huko mbele, gari ikawafuata, jina likabaki pale pale. Leo Kimara Mwisho ndipo mabasi ya mwendokasi yanapoanzia safari ya Kivukoni, katikati ya mji, tangu 2016, na mtu wa Kibamba, huko mbele zaidi, akishuka hapo bado ana gari nyingine ya kupanda.

Nani aliipanga Kimara? Sehemu kubwa hakupita mpimaji. Mwenye shamba alimmegea mtu kipande, wakahesabu hatua kutoka kwenye mkorosho, mjumbe akashuhudia, karatasi ya mauziano ikapigwa muhuri serikali ya mtaa. Njia? Kila mmoja alitegemea jirani ndiye ataiacha. Ndiyo maana ukiacha lami unafuata uchochoro unaopinda kwa kukwepa ukuta wa aliyewahi kujenga, kisha unateremka nao bondeni. Gari la majitaka linapita wapi, msiniulize mimi.

Kinachonishangaza zaidi ni maji. Mtambo wa Ruvu Juu ulijengwa 1959, na bomba lake linafuata Barabara ya Morogoro hadi kwenye matangi ya Kimara. Matangi yaliwekwa hapo kwa sababu ni mlimani, maji yateremke yenyewe kwenda mjini. Yaliteremka kweli! Wenyeji wa kilima kwa miaka mingi walilala jirani na bomba na kuamka kununua maji ya dumu. Mwenye uwezo alichimba kisima au akaweka simtanki, akawa anawauzia wenzake.

Halafu ikaja 2017. Alama za X nyekundu ukutani, kutoka Kimara kuelekea Kiluvya: hifadhi ya barabara ni mita 121.5 kila upande, na aliye ndani yake abomoe. Walikuwamo waliokaa hapo miaka na miaka, wamezalia watoto humo. Barabara ikapanuliwa kuwa njia nane hadi Kibaha. Na hapa mji ukafanya kituko chake: yule aliyechekwa kwa kununua kiwanja cha nyuma, gizani huko, akaamka yuko barabarani. Akatoboa ukuta wa sebule, akapangisha fremu za maduka.

Mwaka 2021 mabasi ya mikoani nayo yakahama Ubungo kwenda Mbezi Luis. Bei za viwanja huko nadhani mnazijua kuliko mimi.

Wiki iliyopita nilikwenda ndani kabisa ya Kibamba. Bodaboda akanishusha penye msingi ulioota nyasi, nondo zimesimama. "Mzee, hapa ndiyo mwisho," akasema. Ng'ambo ya korongo watu wawili walikuwa wamevuta kamba, wanapima.