Mota Iliyofichwa Ndani ya Baiskeli ya Mashindano
(Mhadhara uliotolewa Moshi)

Mheshimiwa Mwenyekiti, waendesha baiskeli, mafundi na wazazi mliofika,

Nianze na mlima, kwa kuwa kila afanyaye mazoezi ya kupanda kuelekea Marangu anajua mbio huamuliwa wapi. Mwendeshaji ambaye uzito wake pamoja na baiskeli ni kilo 75, akipanda mwinuko wa asilimia 8 kwa kilomita 16 kwa saa, akiongezewa nguvu ya wati 50 tu na mota iliyofichwa hufikia takriban kilomita 18. Katika mlima wa kilomita 8 atamwacha mwenzake aliyelingana naye kwa zaidi ya dakika 3. Huo ni wizi wa jasho la mtu.

Mota ya kazi hiyo hutoshea ndani ya bomba la fremu lililo chini ya siti, ikazungusha ekseli ya pedeli kwa gia ndogo. Januari 2016, huko Zolder, Ubelgiji, katika mashindano ya dunia ya mbio za matopeni, wakaguzi waliikuta katika baiskeli ya akiba ya mwendeshaji Femke Van den Driessche, swichi yake ikiwa imefichwa chini ya utepe wa usukani. Alidai baiskeli si yake. Hata hivyo alifungiwa miaka 6 na kutozwa faranga 20,000 za Uswisi.

Wakaguzi wa UCI, shirikisho la kimataifa la mchezo wa baiskeli, walitumia tableti inayopima uga wa sumaku. Njia hiyo ni ya haraka, ila humtaka mkaguzi aipitishe karibu na polepole. Kamera ya joto huona mota iliyofanya kazi punde tu, ikishapoa haioni kitu. Kwa maoni yangu eksirei, iliyoanza kutumiwa na UCI mwaka 2018, ndiyo ya kutegemewa zaidi, kwani huonyesha kilichomo hata kikiwa kimezimwa.

Mwaka 2025 mashindano ya dunia ya barabarani yalifanyika Kigali, mara ya kwanza Afrika, hivyo vijana wetu wajiandae kukaguliwa. Nasi tusio na eksirei tunao mafundi: baiskeli ya mshindi ishikwe palepale kwenye mstari wa mwisho kabla haijarudi kwa timu, nguzo ya siti ichomolewe, bomba limulikwe kwa tochi, ekseli ya pedeli ifunguliwe, na baiskeli za akiba zikaguliwe vivyo hivyo, mwenyewe akishuhudia.