Maktaba Inayojua Mbalamwezi

Mhadhara kwa wazazi, walimu na viongozi wa mialo, Mwanga, Kigoma

Wazee wangu, shikamooni. Ndugu zangu wengine, mwakeye. Nawashukuru wenyeviti wa mitaa kwa kunipa nafasi hii, na nawashukuru zaidi akina mama mlioacha meza zenu sokoni, maana najua asubuhi ndiyo biashara.

Nimeitwa kuzungumzia huduma za maktaba ya umma. Nimefanya kazi ya ukutubi mpaka nikastaafu, na katika yote niliyoyaona kuna moja ninalotaka mlibebe leo: maktaba ya umma lazima ifuate kalenda ya watu wake. Hapa Kigoma kalenda hiyo ni mwezi wa angani.

Hili mnalijua kuliko mimi. Usiku wa giza mitumbwi inatoka na taa, dagaa wanaifuata taa, wavu unawazunguka. Mbalamwezi ikishawaka, mwanga umetapakaa ziwa zima, dagaa hawakusanyiki tena, na mitumbwi inapumzika wiki nzima, pengine na zaidi. Nenda kwenye mialo ya Kibirizi au Katonga, mitumbwi inakoegeshwa, siku hizo. Utawakuta wanaume kivulini wanashona nyavu, wanachezea simu, wanazungumza. Ni watu wazima, wengi wao wanajua kusoma, na mchana wote ni wao. Sijawahi kuona ratiba ya maktaba iliyopangwa kwa kuwafikiria watu hawa. Ratiba zetu zinafuata muhula wa shule. Muhula ukifungwa tunasema msimu umepoa.

Niseme kwanza habari ya hao wanafunzi, kwa sababu wapo wanaowanung'unikia. Ingia maktaba yoyote ya mkoa saa nne asubuhi. Meza zimejaa vijana, na wengi hawajagusa kitabu hata kimoja cha rafuni. Wamekuja na madaftari yao na madesa yao. Wanachotaka ni kiti, meza, mwanga na ukimya. Wenzangu wengine hukasirika, husema maktaba imegeuzwa ukumbi wa kujisomea. Mimi sikasiriki. Binti anayelala chumba kimoja na wadogo zake wanne, redio ya jirani inalia upande wa pili wa ukuta, na mtihani wa kidato cha nne ni Novemba, huyo akipata kiti kimya kwa saa tatu amepewa huduma kubwa kuliko kuazimishwa vitabu kumi. Kiti ni huduma. Sitaki mtu aondoke hapa akidhani nataka wanafunzi wapishe.

Nataka waongezeke wengine.

Na hao wengine wana haki yao kisheria. Sheria iliyounda chombo cha kusimamia maktaba nchini ilitungwa mwaka 1963, nchi ikiwa bado changa kabisa. Maktaba Kuu ya Taifa pale Dar es Salaam ilifunguliwa na Mwalimu Nyerere tarehe 9 Desemba 1967, sikukuu ya Uhuru yenyewe, na hatua kwa hatua mikoa ikapata maktaba zake. Mwaka 1970 ukatangazwa kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima. Wazee mliopo hapa mnakumbuka madarasa ya jioni, taa ya chemli, ubao chini ya mti. Kilichokuja kugundulika baadaye ni kwamba mtu mzima aliyejifunza kusoma akikosa cha kusoma, anasahau. Ndiyo maana maktaba za vijiji zilifuata nyuma ya madarasa yale. Kwa hiyo mtu mzima yumo tangu mwanzo katika hesabu ya maktaba ya umma nchini. Mvuvi, mkulima na mshonaji hawakuja kuongezwa baadaye.

Sasa twendeni rafuni. Vitabu vya maktaba havipangwi kwa rangi wala kwa ukubwa, vinapangwa kwa namba, kwa mpango alioutoa Mmarekani mmoja, Melvil Dewey, mwaka 1876. Elimu yote imegawanywa kuanzia 000 hadi 999. Afya iko 610. Kilimo 630, na humo ndani ukisogea kidogo unakuta nyuki 638 na uvuvi 639. Ushonaji 646. Usindikaji wa vyakula, pamoja na kukausha samaki, 664. Historia na jiografia zinaanzia 900. Ukishazishika namba mbili tatu zinazokuhusu, hata katika maktaba ya Tabora au Mwanza utaenda moja kwa moja kwenye rafu yako bila kumuuliza mtu.

Ila mimi nawaomba muulize. Ile meza ya maulizo ndiyo huduma ninayoiona imelala kuliko zote. Watu wanamwonea haya mkutubi, wanadhani yuko pale kunyamazisha kelele. Kazi yake ni kukutafutia. Huhitaji kujua jina la kitabu wala la mwandishi. Mwambie, "Michikichi yangu imeshika ugonjwa, majani yanakauka kuanzia chini." Atakwenda 633, na asipopata jibu pale, anapaswa kujua kwamba hapa hapa mkoani tuna kituo cha utafiti wa kilimo cha Kihinga, TARI, kinachoshughulika na mchikichi, na akuelekeze kwao. Kujua nani anajua, hiyo nayo ni elimu ya mkutubi.

Kuna kitu kidogo nilikuwa nakitazama sana kazini. Ukifungua kitabu cha maktaba utakuta karatasi imegandishwa ndani, ina safu za tarehe zilizopigwa mhuri. Ni tarehe za kurudisha. Karatasi ile inakusimulia kitabu kimeishi vipi. Kitabu cha kukata na kushona kilikuwa na karatasi iliyojaa pande mbili, juu yake tumegandisha nyingine, na ile ya pili nayo imefika nusu. Mgongo umefungwa upya kwa kitambaa na gundi, kurasa za vipimo vya gauni zimelegea kwa kufunguliwa. Rafu ya pili yake kulikuwa na kijitabu cha kukausha samaki, chenye michoro ya vichanja. Karatasi yake ilikuwa nyeupe, mhuri mmoja tu juu kabisa.

Mtu wa haraka atasema kijitabu kile hakina kazi, kitolewe. Lakini sote tunajua dagaa akianikwa mchangani anatoka na mchanga, na mvua ikinyesha anaoza siku ileile, wakati kwenye kichanja hewa inapita juu na chini, anakauka haraka na bei yake ni nyingine. Wanaohitaji michoro ile wako mwaloni, wengi wao akina mama, na hawajui kama ipo. Yuko Mhindi mmoja, S. R. Ranganathan, mwanahisabati aliyegeuka mkutubi kule Madras. Mwaka 1931 alitoa kanuni tano za maktaba, na mbili kati yake ni hizi: kila msomaji na kitabu chake, kila kitabu na msomaji wake. Kijitabu kile msomaji wake alikuwepo. Tulichokosa ni mtu wa kuwakutanisha.

Hapo ndipo sanduku linapoingia. Sanduku la mbao, lenye kufuli, linaloingia vitabu thelathini au arobaini, linapakiwa kwenye bajaji na kupelekwa mwaloni mbalamwezi ikianza, na kurudishwa giza likirudi. Linakaa kwa katibu wa BMU, kile kikundi cha wavuvi kinachosimamia mwalo. Ndani yake viwemo vitabu vya uvuvi na usindikaji, vya mikopo na kutunza hesabu, vya afya, vya sheria za ardhi na mirathi, na hadithi. Hadithi nazisisitiza. Mvuvi si mtu wa kusomeshwa uvuvi tu. Anapenda kisa kizuri kama mtu yeyote, na mmoja mwenye sauti nzuri akiwasomea wenzake wanaoshona nyavu, mikono inafanya kazi na masikio yanakula. Asiyejua kusoma naye yumo.

Mwaka 2024 Ziwa Tanganyika lilipofungwa kwa uvuvi kuanzia tarehe 15 Mei hadi tarehe 15 Agosti, ili samaki wazaliane, nilijiuliza sana: miezi mitatu, watu wote hawa wako nchi kavu, maktaba inawapelekea nini? Makubaliano ya kupumzisha ziwa ni ya nchi nne, sisi, Kongo, Burundi na Zambia. Ni jambo linalogusa chakula cha kila nyumba hapa. Kipindi kama hicho kinatosha kabisa kwa darasa la kusoma na kuandika, au la kutunza daftari la mapato na matumizi.

Niwageukie vijana. Mtoto amemaliza kidato cha sita, anataka mkopo wa Bodi ya Mikopo. Maombi yanafanyika mtandaoni. Anatakiwa cheti cha kuzaliwa kilichohakikiwa na RITA, wakala wa serikali wa usajili wa vizazi na vifo, na uhakiki huo nao ni mtandaoni. Mwingine anatafuta kazi serikalini, lazima ajisajili kwenye mfumo wa Sekretarieti ya Ajira. Kila hatua anakimbilia steshenari, analipa, na anayemjazia ana foleni ya watu kumi nyuma yake. Jina linakosewa herufi moja, Nyamoya inakuwa Nyamoyo, na kijana anakwenda kugundua siku majina yanatoka. Siwalaumu wenye steshenari, wanatafuta riziki. Ila maktaba yenye kompyuta tatu na mtu mwenye subira ndiyo mahali pa kazi hii. Kijana akae mwenyewe, ajaze mwenyewe, mkutubi asimame pembeni amwonyeshe wapi pa kuhakiki kabla ya kutuma. Atatoka amejua kazi ambayo ataifanya tena na tena maishani. Na hapo hapo aonyeshwe kwamba Taasisi ya Elimu Tanzania ina maktaba mtandao yenye vitabu vya kiada, mdogo wake avisome kwa simu. Wazazi wengi wanatafuta kitabu cha kiada mji mzima na hawajui hili.

Saa ya hadithi kwa watoto nitaieleza kwa kirefu kidogo, maana wengi wanadhani ni kuwakusanya watoto na kuwasomea. Watoto wetu wengi wanazungumza Kiha nyumbani. Wakifika darasa la kwanza, Kiswahili cha kitabuni ni kigeni kwao nusu. Basi chagua kitabu chembamba chenye picha kubwa. Kaa chini nao, mkekani, kitabu kikiwatazama wao. Kabla hujafunua ukurasa, uliza: unadhani sasa fisi atafanya nini? Wajibu kwa lugha yoyote inayowajia. Ukisikia jibu la Kiha, lipokee, kisha ulirudie kwa Kiswahili, polepole, uendelee. Usimsahihishe mtoto mbele ya wenzake, atafunga mdomo na hatafungua tena wiki hiyo. Ukimaliza, wape kitabu wakishike. Kitachafuka, kona zitajikunja. Vitabu vya watoto vimechapwa ili vichakae mikononi mwa watoto. Bibi anayejua ngano za hapa naye aalikwe, asimulie ya kwake bila kitabu.

Kuna wasioona na wenye uoni hafifu. Tanzania ilijiunga mwaka 2020 na Mkataba wa Marrakesh wa mwaka 2013, unaoruhusu vitabu kunakiliwa kwa nukta nundu au kwa sauti bila kumwomba ruhusa mwenye hakimiliki. Njia ya kisheria iko wazi. Tudai vitabu vyenyewe. Na ninyi mnaotunga mashairi na historia za koo, namba ya ISBN, ile ya kukitambulisha kitabu chako, inatolewa na Bodi ya Huduma za Maktaba. Ukishachapa, peleka nakala pale, na usisahau kuacha nyingine hapa nyumbani.

Mama mmoja pale mbele ameinua mkono. Anauliza, kitabu kikipotea au mtoto akikichana, atafungwa? Hapana, mama yangu. Ili kuazima unajaza fomu, unaleta picha, mdhamini anatia sahihi, unalipa ada ambayo utaambiwa mezani. Kikipotea, unakwenda kusema mapema, mnaelewana namna ya kukilipa au kuleta kingine kama hicho. Kinachotuumiza sisi wakutubi ni mtu anayeona haya, anakaa nacho kimya, na harudi tena maktaba maisha yake yote. Na kusoma humo humo ndani, magazeti na vitabu, hakuhitaji uazime chochote.

Sanduku la kwanza fundi ameshalikubali, mbao zipo. Vitabu vya kuanzia nimevipata kwa marafiki na vya kwangu mwenyewe, na mkutubi aliyeko kazini yuko tayari kutusaidia kuviorodhesha. Viongozi wa BMU wa Kibirizi na Katonga, naomba msitoke mlango ukifunguliwa. Nataka mniambie mbalamwezi ijayo inaanza lini kwa hesabu zenu, nani atakaa na ufunguo, na kati ya vijana wenu yupi ana sauti ya kusoma.