Hii Beji Inamjibu Nani?

Asanteni sana. Waliosimama nyuma naomba wasogee, viti vipo. Nitaonyesha kitu kidogo, upana wake kama kidole gumba, na sipendi mtu asimuliwe na jirani yake.

Hiki hapa. Ni beji ya pini, ya mviringo, ya Marekani. Itapita mkononi kwa kila mmoja wenu. Ishikeni kwa kingo, msiguse uso wake. Haina picha. Haina jina la mtu wala la chama, na mwaka haukuandikwa. Ina maneno tu, na kwa Kiswahili yanasema: "Na mimi nataka kuwa kapteni."

Mpe mtu asiyeijua, umwambie akisie. Nimefanya hivyo miaka mingi na majibu nayajua yote: ni ya mtoto apendaye meli, ni ya timu ya mpira, ni tangazo la biskuti. Siku moja niliikuta nyingine kama hii ndani ya kabati la kioo, na kadi iliyowekwa chini yake imeandikwa "beji ya kuchekesha, tarehe haijulikani." Nilisimama pale damu ikanichemka. Tarehe inajulikana! Hata msimu unajulikana. Aliyeandika kadi ile alipima kipenyo kwa milimita, akaeleza mikwaruzo upande wa kushoto, akaacha kuuliza swali moja ambalo nimekuja kuwaomba tena leo muulize: hii beji inamjibu nani?

Kwa sababu beji ya siasa ni nusu ya mazungumzo. Aliyeivaa alikuwa anamjibu mtu. Usipomjua yule mtu, umeshika bati.

Sasa turudi kwa kapteni, tusiende haraka. Mwaka ni 1940. Franklin Roosevelt anagombea urais mara ya tatu, jambo ambalo hakuna rais wa Marekani aliyewahi kulishinda. Anayempinga ni Wendell Willkie, mtu wa makampuni ya umeme ambaye hajawahi kushika cheo chochote cha kuchaguliwa. Ulaya inaungua. Tarehe 16 Septemba, Roosevelt anatia saini sheria ya kuandikisha vijana jeshini, ya kwanza katika historia ya nchi hiyo kupitishwa wakati hakuna vita. Mwezi mmoja baadaye, tarehe 16 Oktoba, wanaume wa miaka 21 hadi 35 wanapanga foleni kujiandikisha, zaidi ya milioni 16. Atakayepangiwa namba na kuitwa ataanza chini kabisa, askari asiye na cheo, kwa dola 21 kwa mwezi.

Na mwezi uleule wa Septemba, mtoto wa rais, Elliott Roosevelt, mwenye miaka 30, anaingia jeshi la anga akiwa kapteni moja kwa moja.

Umeona? Sasa isome tena. "Na mimi nataka kuwa kapteni." Huyo ni kijana aliye kwenye foleni. Au ni mama yake. Kuna nyingine zilizosema "Baba, nataka kuwa kapteni," na huyo baba ni rais mwenyewe. Maneno manne matano, hakuna tusi hata moja ndani yake, na kila aliyekutana nayo barabarani Oktoba ile alielewa papo hapo: wa kwetu dola 21, wa kwao nyota begani. (Najua, wenye kuzijua alama za vyeo vya jeshi, kapteni wa Marekani havai nyota, huvaa vipande viwili vya fedha vilivyosimama sambamba. Nasema kwa lugha yetu.)

Na haki itendeke kwa Elliott pia, maana beji haimtendei. Macho yake yalikuwa mabovu. Angeweza kukaa nyumbani na asilaumiwe na sheria. Baadaye aliruka kwenye ndege za upelelezi wakati wa vita, akamaliza akiwa brigedia jenerali. Hayo beji haikuyajua, yalikuwa hayajatokea. Ndiyo maana nasema beji ni shahidi wa siku moja. Haijui kesho. Ukiisoma kwa macho ya kesho unaipotosha, na ukiisoma bila jana yake huisomi kabisa.

Willkie alishindwa vibaya, kura za wajumbe 449 kwa 82. Lakini kampeni yake iliacha rundo la beji za maneno kuliko nyingine nyingi: za kukataa muhula wa tatu, za kumkataa mke wa rais, Eleanor, kwa jina lake. Kila moja inamjibu mtu. Nikianza kuzichambua tutalala hapa.

Kuna mtu atasema, na kila mwaka hunijia baada ya mhadhara: mwenye macho haambiwi tazama, beji nzuri hujieleza yenyewe. Hapana. Hiyo uliyoishika haikujieleza, na umekaa nayo dakika tano.

Mwingine atasema: wewe unaongea hadithi, lakini bei ndiyo inayookoa vitu hivi, vingekuwa havina bei vingeshatupwa. Hili nalikubali nusu. Mfano wake maarufu ni ule wa 1920. James Cox, gavana wa Ohio, aligombea urais na mgombea mwenza wake alikuwa kijana wa miaka 38, huyuhuyu Franklin Roosevelt. Chama chao kilikuwa hakina fedha, beji zenye nyuso zao mbili zilitengenezwa chache sana, na Warren Harding akawashinda kwa kura za wajumbe 404 kwa 127. Leo wakusanyaji wa Marekani huzitafuta hizo za nyuso mbili kuliko beji nyingine zote za siasa, na minada huzishangilia. Vizuri. Lakini bei ile imetoka wapi? Imetoka kwenye hadithi! Yule mwenza aliyeshindwa alikuja kushinda urais mara nne. Mngemwondolea hayo, mngebaki na picha za mabwana wawili wenye kola ngumu.

Na tazameni upande wa pili wa shilingi. Mwaka 1972 George McGovern, mgombea urais, alimchagua Seneta Thomas Eagleton wa Missouri awe mgombea mwenza. Siku 18 baadaye Eagleton akajiondoa, baada ya kujulikana kwamba aliwahi kulazwa na kutibiwa sonona kwa mshtuko wa umeme. Beji zenye majina yao mawili zilishatoka, na watu wakazificha kabatini wakidhani zitakuwa dhahabu. Hazikuwa. Zimejaa, kwa hiyo ni rahisi. Basi kwa kipimo cha bei, beji hiyo haina maana. Kwa kipimo changu ni miongoni mwa beji nzito kuliko zote, kwa sababu ni ya mtu aliyeangushwa na ugonjwa ambao hakuwa na kosa nao. Nikiiona kwenye bakuli la vitu vya bei ya chini, huwa naitoa, naiweka pembeni.

Mtaniruhusu neno moja juu ya jinsi zinavyotengenezwa, maana wengine hapa ni wapya. Vifungo vya siasa ni vya zamani, George Washington alipoapishwa 1789 watu walishona vya shaba kwenye makoti. Lakini beji hizi za pini zilianza kutapakaa katika uchaguzi wa 1896, William McKinley dhidi ya William Jennings Bryan, baada ya kampuni ya Whitehead & Hoag ya Newark, New Jersey, kupata hataza, yaani hati za haki ya ubunifu, za ufundi wake. Karatasi iliyochapwa, juu yake utando mwembamba wa seluloidi (plastiki ya zamani), vyote vimekunjwa juu ya kisahani cha chuma na kubanwa na pete kwa nyuma, kisha waya wenye ncha. Basi. Ni rahisi kutengeneza, kwa hiyo ghafla kila ugomvi unaweza kuwa na beji yake. Ugomvi wa mwaka ule ulikuwa fedha za nchi: zisimame juu ya dhahabu peke yake, au na madini ya fedha pia, kwa kiwango cha 16 kwa 1, yaani uzito 16 wa madini ya fedha kwa 1 wa dhahabu. Ukikuta beji yenye "16 kwa 1" usidhani ni matokeo ya mechi. Ukikuta pini ya mdudu wa rangi ya dhahabu, ni mtu wa McKinley. Nyingine ukizibonyeza mbawa zinafunguka na ndani mna picha za wagombea.

Igeuzeni beji ya seluloidi mwone nyuma. Mara nyingi mna kikaratasi, kimeingizwa ndani ya pete, kina jina la kampuni na tarehe za hataza. Nawasihi: msikitoe. Nimeona watu wanakichokonoa kwa kisu ili "kusafisha." Hicho ndicho cheti chake cha kuzaliwa! Na msiioshe kwa maji. Maji hupenya ukingoni, hayatoki, na baada ya muda mtaona madoa ya kahawia yanachipua chini ya seluloidi, juu ya paji la uso wa mgombea. Ni kutu. Ikishafika hapo hakuna dawa.

Za bati lililochapwa moja kwa moja zilikuja baadaye, rahisi zaidi, hukwaruzika haraka. Tuendelee.

Nilitaka kukaa na soli ya kiatu, nitaikimbiza. Mwaka 1952, sikukuu ya wafanyakazi, huko Flint, Michigan, mpiga picha William Gallagher alikuwa karibu na jukwaa alilokaa mgombea urais Adlai Stevenson, miguu kaipandanisha. Gallagher akaweka kamera chini, akapiga bila kuchungulia. Picha ilipotoka, soli ya kiatu cha Stevenson ina tundu. Ilimpatia Gallagher tuzo ya Pulitzer, ile kubwa ya uandishi wa habari Marekani, mwaka 1953. Sasa, angalieni jambo lenyewe: wafuasi wa Stevenson hawakuificha aibu ile. Walitengeneza pini ndogo za soli ya kiatu, tundu na lote, wakazivaa kifuani kwa fahari. Mtu aliyedhaniwa ni msomi wa juu mawinguni sasa ana kiatu kilichotoboka kama chako. Na wapinzani nao wakaitumia picha ileile dhidi yake. Kitu kimoja, majibu mawili. Mpinzani wake, Eisenhower, alishinda, kila mtu anaikumbuka kaulimbiu yake, "Nampenda Ike," mimi naikumbuka soli.

Muda umenitupa. Beji za kuchekesha na za matangazo nazipitia tu. Uso wa njano unaotabasamu: Harvey Ball, msanii wa Worcester, Massachusetts, aliuchora 1963 kwa kampuni ya bima iliyotaka kuwachangamsha wafanyakazi wake. Alilipwa dola 45. Hakuuwekea haki yoyote, na miaka michache baadaye ndugu wawili wa Philadelphia waliuza mamilioni kwa mamilioni ya vitu vyenye uso ule. Kwa hiyo hata tabasamu lilikuwa linamjibu mtu: wafanyakazi walionuna.

Na ya mwisho nisiyoweza kuiacha, Uingereza, 1958. Gerald Holtom alibuni alama ya kupinga silaha za nyuklia, ile ya duara na mistari. Beji za kwanza za alama hiyo, alizozitengeneza Eric Austin, hazikuwa za bati. Zilikuwa za udongo mweupe uliochomwa, alama imepakwa rangi nyeusi, na ziligawiwa pamoja na kikaratasi kilichoeleza kwamba vita vya nyuklia vikitokea, beji hizi zitakuwa miongoni mwa vitu vichache vya binadamu vitakavyobaki motoni. Udongo ulichaguliwa kwa sababu hiyo. Sasa fikirieni beji ile bila kile kikaratasi. Kipande cha udongo tu.

Beji za haki ya kura kwa wanawake, zile zenye nyota zinazoongezeka kila jimbo linapokubali, zilipaswa kuchukua robo saa. Nitazileta mwakani. Nakala za bandia pia, na sheria ya Marekani ya 1973 inayolazimisha nakala iandikwe mwaka ilipotengenezwa. Atakayehitaji anifuate baadaye, ni muhimu kwa anayenunua.

Wenye beji mfukoni, najua mpo, msiondoke kwanza. Mezani kuna bahasha ndogo na penseli. Juu ya bahasha andikeni uliipata kwa nani, yeye aliipata wapi, na alikwambia nini alipokupa, kwa maneno yake, hata kama unadhani alitia chumvi. Kisha beji iingie ndani ya bahasha hiyo. Na ile ya kapteni, iliyo mikononi mwa safu ya nne sasa hivi, naomba irudi mbele taratibu.