Sista, Njoo Alfajiri
Mhadhara kwa wanafunzi wa uuguzi na ukunga, Mbeya

Shikamooni wazee wangu mliokaa hapo mbele. Na ninyi wanafunzi, marahaba, nimeisikia, ingawa imetoka kinyonge. Najua ni baridi ya Julai na chai bado. Waliotoka Iringa na Njombe, kamwene. Wa Tukuyu na Kyela nitawaambia ndaga, asante ya kwenu, mwishoni, mkinivumilia.

Mshereheshaji amesoma wasifu wangu kwa sauti ya huzuni mpaka nikadhani anamzungumzia marehemu. Ameacha jambo moja tu, kwamba mwaka wangu wa kwanza kazini nilikuwa nesi mkali na mjinga. Nianzie hapo.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya themanini, upande wa Mufindi. Mkoa wa Iringa wa wakati ule ulikuwa bado umezibeba Njombe, Makete na Ludewa. Mkoa wa Njombe umezaliwa 2012. Zahanati yetu ilikuwa na vyumba vitatu, na siku ya kliniki tulining'iniza mzani kwenye mti nje. Mtoto anavalishwa kile kikaptula cha kupimia, ananing'inia huku analia, mimi nasoma mshale na kuweka nukta kwenye kadi. Nukta ikiangukia kwenye rangi nyekundu, mama anaisikia sauti yangu kabla hajamvua mtoto kikaptula.

Siku hiyo alikuja mama mmoja, mtoto wake ana mwaka na miezi minne, nukta imeshuka mara ya tatu mfululizo. Nikamwambia mbele za watu: "Wewe mama, kihenge chako kimejaa mahindi, mtoto anakonda hivi, unamlisha nini?" Wenzake wakacheka kidogo, kile kicheko cha kujinusuru. Yeye akaangalia miguu yake. Bibi mmoja aliyemsindikiza mjukuu ndiye aliyenijibu, tena kwa upole: "Sista, wewe unatuona hapa tukiwa tumeshaoga. Njoo alfajiri."

Nilikwenda kwa hasira, nataka kumthibitishia bibi kwamba nipo sahihi. Nilivaa saa ya mkononi, nikachukua daftari. Saa kumi na moja yule mama alikuwa ameshateka ndoo ya kwanza. Saa kumi na mbili na nusu tukaanza kupanda mlima kwenda shambani, mtoto mgongoni, ameshapewa matonge mawili ya kiporo. Tulitembea zaidi ya saa nzima. Akalima mpaka saa saba, katikati akinyonyesha mara mbili chini ya mti. Kurudi, mzigo wa kuni kichwani. Saa tisa akatoka tena na mahindi kwenda mashineni, kijiji cha pili. Moto wa jioni uliwaka giza likiwa limeshaingia. Ugali ulipoiva, saa mbili kasoro, mtoto alikuwa amesinzia. Mama akamwamsha, akamwekea tonge mkononi. Akalala nalo. Nakumbuka vidole vile vidogo vimeshika tonge kama mtu ameshika tiketi ya basi.

Nilihesabu. Tangu alfajiri mtoto alikuwa amekula mara moja na nusu, na mama yake hakuwa ameketi hata dakika kumi mfululizo. Na mimi nilikuwa nimeandaa somo la makundi ya vyakula!

Sasa sikilizeni, maana hapa ndipo kazi yangu yote ilipo. Tumbo la mtoto wa mwaka mmoja ni dogo mno. Ugali na uji wa mahindi hufura kwa maji, vinajaza tumbo kabla havijaleta nguvu ya kutosha. Kwa hiyo mtoto wa umri ule anatakiwa ale kidogokidogo, mara nyingi kwa siku. Sentensi hiyo kila mmoja wenu anaijua, mmeiandika kwenye mtihani. Lakini "mara nyingi kwa siku" maana yake ni mtu kuwepo nyumbani, moto kuwepo, maji kuwepo. Mama yule hakuwa na upungufu wa elimu. Alipungukiwa saa.

Mwaka 1983 ulianza mpango wa lishe wa Iringa, uliosimamiwa na serikali pamoja na UNICEF na Shirika la Afya Duniani, kwa fedha za Italia, katika vijiji 168. Wengi wameusifia kwa sababu za kitaalamu. Mimi naupenda kwa sababu moja: uzito wa watoto ulitoka kwenye kadi ya mama ukapelekwa mezani kwa serikali ya kijiji. Kila baada ya miezi mitatu, watoto wanapimwa, halafu wanakijiji wanaulizwa, hawa wenye hali mbaya ni wangapi, kwa nini, na tutafanya nini. Swali lilelile nililomrushia yule mama, sasa linawaangukia wanaume waliokaa kwenye benchi. Majibu yakabadilika mara moja. Watu wakaanza kuzungumzia maji, mashine ya kusaga, na nani abaki na watoto wakati wa palizi. Vijiji vingine vikaweka sehemu ya kuwalelea na kuwalisha watoto mchana. Hakuna aliyelihutubia lile benchi. Lilionyeshwa tu hesabu.

Na kimea! Hiki nakipenda, mnisamehe nikikaa nacho. Wapika pombe wa nyanda hizi wanajua kimea tangu mababu: unaloweka nafaka, ulezi au mtama, unaiacha ichipue, unaianika, unaisaga. Watu wa lishe, wakiwemo wa Taasisi ya Chakula na Lishe iliyoundwa 1973, walikiingiza kwenye uji wa mtoto. Unapika uji mzito kabisa, ule ambao kijiko kinasimama. Unauacha upoe kidogo, unatia kijiko kidogo cha unga wa kimea, unakoroga. Baada ya muda mfupi uji unalegea mbele ya macho yako, unakuwa wa kunyweka, bila kuongeza tone la maji. Vimeng'enya vilivyomo kwenye mbegu iliyochipua vimeukatakata wanga. Unaurudisha motoni uchemke, basi. Kikombe kilekile, unga mwingi zaidi ndani yake, na mtoto anaumaliza. Mara ya kwanza nilipoonyesha hilo kijijini nilijiona mganga. Mama mmoja mpika pombe akaniambia, "Sista, hilo mbona tunalijua? Mlikuwa mnatukataza kimea tu." Kweli, tulikuwa tunawakataza.

Miaka ya Makete nitaisema kwa ufupi, si kwa sababu ni midogo. UKIMWI ulipoingia kule, kazi ya kuuguza ilihamia majumbani, na aliyeuguza alikuwa mwanamke: mke, kisha binti, kisha bibi aliyebaki na wajukuu. Katika utafiti wa 2022–23 Mkoa wa Njombe, ambamo Makete imo sasa, bado uliongoza kitaifa kwa maambukizi ya VVU, asilimia 12.7 ya watu wenye miaka 15 na zaidi, wakati taifa ni asilimia 4.4. Dawa zipo sasa, watu wanaishi, wanalima, wanazaa watoto wasio na maambukizi. Ila kosa moja letu lilidumu muda mrefu. Mjamzito ndiye anayekuja kliniki, kwa hiyo ndiye anayepimwa kwanza, kwa hiyo ndiye anayepeleka habari nyumbani. Na anayepeleka habari huhesabiwa kuwa ndiye aliyeleta ugonjwa. Tulimpa majibu, tukamwambia "kamlete mume," tukaita mwingine. Nimewahi kusema hivyo mwenyewe, nikiwa na foleni ya akina mama arobaini nje. Mmoja hakurudi kliniki tena, na nyumbani kwake niliambiwa ameshafukuzwa.

Upande wa uzazi, lazima nijivune kidogo kwa niaba ya wakunga wote. Utafiti wa kitaifa wa 2015–16 ulikadiria vifo vya uzazi 556 kwa kila vizazi hai 100,000. Ule wa 2022 ukakadiria 104. Ninyi mnaoingia leba leo mmepokea kitu tofauti kabisa na nilichopokea mimi, niliyewahi kumsindikiza mama anayetoka damu akiwa juu ya lori la mbao.

Sasa ubaya. Utafiti huohuo wa 2022 umekuta udumavu, yaani kuwa mfupi kuliko umri, kwa watoto chini ya miaka mitano ni asilimia 30 kwa taifa. Iringa 57. Njombe 50. Hapa ni nyumbani kwa mahindi, viazi, maharage, maziwa, na sasa parachichi linalosafirishwa mpaka Ulaya. Kila habari hii ikitoka, lawama ya kwanza hutupiwa ulanzi, ile pombe ya mianzi, ya pili hutupiwa mama "asiyejua lishe". Ulanzi una makosa yake, siutetei. Lakini mama akilima parachichi la mume kuanzia asubuhi mpaka jioni, na hela ikaingia mfuko wa koti la mume, mnataka nimfundishe nini tena? Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inampa mwajiriwa siku 84 za uzazi, 100 akipata mapacha. Mama wa jembe anajipa siku ngapi? Nimewakuta shambani na kitovu cha mtoto hakijadondoka.

Nimeona mkono umenyooshwa kule nyuma. Sema, mwanangu.

Anauliza: "Profesa, sasa sisi manesi tutamwongezea mama saa vipi? Hatuna trekta."

Swali zuri, na nimefurahi limetoka kwa kijana wa kiume. Huna trekta, una daftari. Jumatatu mnaanza mazoezi ya vijijini. Kila mmoja atapewa kaya moja. Siku ya kwanza hakuna kufundisha, hakuna bango, hakuna neno "lishe". Utafika saa kumi na moja, utaandika kila afanyalo mama na saa yake, na kwenye safu ya pembeni utaandika baba yuko wapi saa hiyo. Mkiruhusiwa na wenye kaya, hayo madaftari tutayasoma kwenye mkutano wa kijiji bila kutaja majina. Mkono mmoja ubaki huru, kwa sababu mama atakupa ndoo, na utaibeba. Wewe kijana utaibeba kichwani kama wengine.

Uprofesa huu nimeupata ukubwani. Kule mtakakokwenda bado wananiita sista. Mwambieni bibi atakayewauliza kwamba nimewatuma mimi, na kwamba sasa nafika mapema.

Wa Tukuyu na Kyela, ndaga. Chai iko nyuma ya ukumbi.