Chipu Isiyotajwa Kwenye Matangazo

Naona wengine mmeshaanza kutabasamu. Ndiyo, ni modemu tena. Nitaacha kuisema siku matangazo ya simu yatakapoitaja. Kamera hutajwa, kioo hutajwa, betri hutajwa. Chipu inayozungumza na mnara, ambayo bila yake simu ni kamera tu, hata kwa bahati mbaya haitajwi.

Kila kikija kizazi kipya cha mtandao tunaambiwa ushindani umefunguka. Mimi nahesabu mazishi ya watengenezaji wa modemu. ST-Ericsson ilivunjwa 2013. Broadcom wakajitoa 2014. Nvidia walinunua Icera mwaka 2011 kwa dola milioni 367, na 2015 wakaamua kuifunga. Hao si wabangaizaji! Tatizo ni kwamba modemu ya 5G haiwezi kujua 5G peke yake. Lazima iijue 4G, na 3G, na mara nyingi hata 2G, kisha ielewane na mitandao ya kampuni nyingi, kila moja na masafa yake. Anayeanza leo anadaiwa masomo ya miaka thelathini kabla hajauza chipu hata moja.

Kisa changu mnakijua, lakini mtakisikia tena. iPhone ya kwanza, 2007, ilitumia modemu ya Infineon ya Ujerumani. Mwaka 2011 Intel wakakinunua kitengo hicho kwa dola bilioni 1.4. Wakahangaika nacho, wakapata nafasi ndani ya iPhone kuanzia 2016, huku Apple na Qualcomm, muuzaji mkubwa wa modemu, wakielekea mahakamani. Tarehe 16 Aprili 2019 wagombanao wakapatana, na siku hiyo hiyo Intel wakatangaza kuachana na modemu za 5G za simu. Siku hiyo hiyo! Miezi mitatu baadaye Apple wakatangaza kununua sehemu kubwa ya kazi hiyo kwa dola bilioni 1, na wafanyakazi wapatao 2,200. Mteja akawa mwenye duka. Modemu yao ya kwanza, C1, ilitoka lini? Februari 2025, tena bila uwezo wa masafa ya milimita, yale ya 5G yenye kasi kubwa zaidi. Apple, wenye fedha zile, miaka mitano na ushei!

Kijana wa nyuma kule anatikisa kichwa: "Na MediaTek?" Sawa, MediaTek, watengeneza chipu wa Taiwan, wapo, na pasipo wao bei zingetutoa machozi. Lakini hesabu nami. Apple hawamuuzii mtu. Huawei, tangu Marekani iwazuie kutumia viwanda vya nje vya kutengeneza chipu mwaka 2020, chipu walizonazo ni za simu zao. Samsung nao zaidi hujilisha wenyewe. Mtengenezaji wa simu asiye na chipu yake kwa kawaida anabaki na Qualcomm, MediaTek na UNISOC ya China. Watatu! Hapo hatujagusa hataza, yaani haki za uvumbuzi, maana hata ukitengeneza modemu yako mwenyewe, Qualcomm bado wanakudai leseni.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Nilikuwa na sehemu nzima ya minara: jinsi Nokia walivyoanza 5G na chipu za FPGA, zinazopangwa upya hata baada ya kutoka kiwandani, za bei mbaya, zikawala faida, ikabidi waongeze wauzaji, Marvell na Broadcom. Basi, hiyo tuiache. Na 6G? Viwango vyake vinaandaliwa sasa hivi, na wanaokaa kwenye vikao hivyo wengi ni hao hao waliosalia.

Haya, kijana wa MediaTek, kipaza sauti hicho.