Kukimbia na MS katika Joto la Mombasa

Assalaam aleikum, na hamjambo nyote. Nawashukuru kwa kuja, na namshukuru zaidi mwenye ukumbi kwa kutuwashia feni zote. Mtaona punde kwa nini nimeanza na feni.

Nina maltipo sklerosisi. Sisi wenye nayo twaiita MS. Kinga ya mwili, ambayo kazi yake ni kupigana na vijidudu, hugeuka ikaushambulia utando unaofunika neva za ubongo na uti wa mgongo. Utando ukichunika, ujumbe wa kwenda mguuni huchelewa au hufika nusu. Kwangu hufika nusu mguu wa kulia. Nikichoka unyayo haunyanyuki, ncha ya kiatu inakwaruza lami. Jirani mmoja aliwahi kuniuliza, kwa heshima zake zote, nimeanza lini kulewa.

Sasa niwaambie kosa langu. Ilikuwa Machi, saa nne asubuhi, nakimbia Mama Ngina kuelekea Likoni. Jicho la kushoto likaingia ukungu, mguu ukawa gogo. Nikaketi chini ya mbuyu, kijana wa madafu akanihurumia. Baada ya kama nusu saa kivulini, jicho likarudi. Nikajiambia mbio zitanimaliza, nikaacha miezi minane. Miezi ile ndiyo iliyonidhoofisha, si ile asubuhi moja.

Jambo lenyewe si geni. Mwaka 1890 daktari wa macho Mjerumani, Wilhelm Uhthoff, aliandika kuhusu wagonjwa wa MS waliopungukiwa na uwezo wa kuona baada ya kujichosha. Alidhani ni ule mchoko. Baadaye ikajulikana kuwa ni joto: joto la mwili likipanda hata nusu digrii, neva iliyochunika yaweza kushindwa kupitisha ujumbe. Mwili ukipoa, ujumbe unapita tena, wala hakuna kidonda kipya kilichoongezeka. Lakini hofu ilibaki, na kwa miaka mingi wagonjwa waliambiwa wapumzike tu. Mwaka 1996 watafiti wa Chuo Kikuu cha Utah, Marekani, walichapisha matokeo ya wagonjwa waliofanya mazoezi mara tatu kwa wiki kwa wiki 15: pumzi yao iliongezeka na misuli ikapata nguvu.

Utah lakini si Mombasa. Hapa kwetu hewa imejaa maji, jasho latiririka bila kukauka, na jasho lisilokauka halipozi mwili. Kwa hiyo mimi nafuata upepo. Wakati wa kusi, Julai na Agosti, nakimbia kilomita nane. Kaskazi ikikaribia kwisha, Februari na Machi, natembea tu, na sioni haya. Saa kumi na moja na nusu alfajiri nishatoka, jua likichomoza nimo njiani kurudi. Kabla ya kutoka naoga maji baridi. Shingoni nafunga kitambaa kilicholowa maji ya barafu, mkononi nashika chupa iliyolala kwenye friza. Nakimbia dakika mbili, natembea moja, tangu mwanzo, nikiwa bado na nguvu. Ukingoja uchoke ndipo utembee, umechelewa. Mguu ukishaanza kuburura utaanguka, na mitaro ya mji huu mwaijua.

Na lile tusilopenda kulitaja: haja ndogo. MS huwasumbua wengi kibofu, na dawa ya wengi ni kuacha kunywa maji. Msifanye hivyo. Mimi njia yangu nimeipanga kwa vyoo vya misikiti.

Dada mmoja ameniuliza hapo mlangoni kuhusu buibui. Dada yangu, kitambaa chepesi, kipana, na utoke kabla ya jua. Au tembea ndani, mbele ya feni. Dakika kumi mara tatu kwa siku nazo ni nusu saa.

Moja msilifanyie mzaha. Dalili ya joto huondoka ukipoa. Ikiwa ni mpya, au ya zamani imezidi, na imekaa zaidi ya saa 24, nenda kwa daktari. Mwambie kama una homa pia, kwani malaria hupandisha joto la mwili vilevile na yaweza kukudanganya kwamba MS ndiyo imerudi.

Haya, maswali. Naomba niyajibu nimeketi, mguu ushaanza.