Injini ya Pikapu Imefungwa Upya na Haiwaki: Namna ya Kuisaka Taimingi

Karibuni tena, ndugu watazamaji. Tuko Mwanga, hapa Kigoma mjini, na mbele yetu ni Land Cruiser pikapu ya zamani, injini 2F ya petroli, silinda 6. Imetoka kufungwa upya: pistoni, ringi na kemshafti, vyote vipya. Sikilizeni. Selfu inazungusha vizuri, halafu inapiga mshindo kwenye kabureta, basi. Hapo tunashuku taimingi, yaani wakati plagi inapotoa moto.

Hapo mafundi wengi wanalegeza distributa, ile inayogawa moto kwa plagi, na kuizungusha kubahatisha huku kijana anapiga selfu. Nawaomba sana msifanye hivyo. Kemshafti mpya imepakwa grisi ya kuanzia tu. Kila ukipiga selfu bila injini kuwaka, grisi inafutika, na kemu, yaani hiyo kemshafti inayofungua valvu, inasagana kavukavu na tapeti inazozisukuma. Injini hii inatakiwa iwake mapema, kisha ishikiliwe kwenye mizunguko kama 2,000 kwa dakika, kwa dakika 20 hivi. Ukiiua kemu leo, utaifungua injini upya mwezi ujao.

Weka nyutro, vuta hendibreki, chomoa waya wa betri. Toa plagi zote 6. Sasa ziba tundu la plagi namba 1 kwa kidole gumba, zungusha krenki, shafti kuu inayosukumwa na pistoni, kwa spana kwenye nati ya puli. Upepo ukianza kusukuma kidole, pistoni inapanda kwenye kompresheni. Usiruke hatua hii. Krenki inazunguka mara 2 ndipo kemu izunguke mara 1, kwa hiyo pistoni inafika juu mara 2, na mara moja kati ya hizo ni ya kutoa moshi. Ukiifunga distributa kwa kufuata hiyo ya moshi, moto unakuja wakati valvu ya kuingiza inafunguka, na mshindo unatokea kwenye kabureta. Kama kava la valvu liko wazi, thibitisha kwa macho: rocka za namba 1, yaani mikono inayosukuma valvu, zote mbili ziwe na nafasi, za namba 6 ziwe zinapishana, moja ikimaliza kufunga huku nyingine ikianza kufungua.

Juu kabisa ni wapi? Wengi wanachomeka bisibisi kwenye tundu na kusema imefika. Haitoshi. Pistoni ikikaribia juu, krenki inapita digrii kadhaa huku bisibisi haisogei. Fanya hivi: chukua plagi mbovu, toa kaure yake, chomelea bolti yenye kichwa laini. Ifunge namba 1 wakati pistoni iko chini. Zungusha taratibu kwa mkono, kamwe usitumie selfu, mpaka pistoni iguse bolti. Piga alama ya chaki kwenye flaiwili, lile gurudumu zito nyuma ya injini. Rudisha upande wa pili mpaka iguse tena, piga alama nyingine. Katikati ya alama hizo ndiyo juu kabisa.

Sogezeni macho kwenye dirisha la hausingi ya flaiwili. Mstari ule ni juu kabisa. Kile kigololi cha chuma ni digrii 7 kabla ya juu. Katikati yetu imeangukia kwenye mstari, kwa hiyo flaiwili inasema kweli. Ila kama injini yako ina alama kwenye puli yenye mpira ndani, usiiamini hivihivi: mpira ukichoka, ringi ya nje inateleza na alama inahama nayo.

Toa bolti yako ya kuzuia, kisha leta kigololi kwenye kielekezi cha dirishani, namba 1 ikiwa kwenye kompresheni. Fungua kofia ya distributa. Rota, kile kipande kinachozunguka ndani, inaangalia waya namba 6! Mpangilio wa moto ni 1-5-3-6-2-4, namba 1 na 6 zinatazamana, yaani distributa imefungwa nusu mzunguko nje. Ing'oe, igeuze, irudishe. Gia yake ina meno ya mshazari, hivyo rota inajigeuza kidogo ikishuka. Anza ikiwa nyuma kidogo. Isipokaa hadi chini, usiivute kwa bolti. Ulimi wake haujaingia kwenye mfereji wa pampu ya oili. Geuza mfereji kwa bisibisi ndefu. Na ikibidi distributa ifike mwisho wa nafasi yake ndipo taimingi ikubali, umekosea jino.

Platini, ile swichi ndogo ndani ya distributa, iwekee nafasi ya milimita 0.4 kabla ya kuweka taimingi, kwa sababu nafasi ikiongezeka moto unawahi. Rudisha betri, fungua swichi, unganisha taa ya majaribio kati ya hasi ya koili na bodi. Zungusha distributa kufuata rota mpaka taa izime, kisha rudisha polepole kinyume chake. Inapowaka tu, simama. Kaza. Rudisha plagi na waya.

Imewaka! Msiiache kwenye sailensi, yaani mzunguko wa chini bila kukanyaga mafuta, maliza kwanza dakika zile 20. Baadaye, ikiwa sailensi kwenye mizunguko 650 kwa dakika, chomoa na uzibe mpira wa vakyumu wa distributa, mulika kigololi kwa taa ya taimingi. Ukikanyaga mafuta, alama iwahi yenyewe. Isiposogea, vyuma vya ndani vya distributa vimeganda kwa kutu. Ikichezacheza, bushi imekwisha.

Jaribu barabara kuelekea Kasulu, maana kasoro inaonekana kwenye mwinuko. Ikigonga kama kokoto kwenye mwinuko, moto unawahi. Ikikosa nguvu na joto likapanda, unachelewa. Rekebisha kidogo kidogo.

Baada ya kilometa mia chache rudia kupima platini. Kisigino kipya cha platini, kile kinachosuguliwa na shafti ya distributa, kinalika haraka, nafasi inapungua, na moto unachelewa tena.